Shemeji Aliyeogopa Vimondo

Kama unatafuta ngano ya kulaza watoto, umebisha mlango usio wake. Haya yalinipata mimi, kwa macho yangu na masikio yangu, nikiwa mzima, sina homa, wala sijaonja kileo maisha yangu yote. Wazee wa mji wetu wa Kasongo waliobaki, ukiwauliza, watakubali kwamba palikuwa na bwana mmoja aliyejiita Sumaili, akala nyumbani kwetu, akamposa dada yangu, kisha akatoweka. Hayo wanayajua. Kilichomtowesha hawakijui, na wengine mpaka leo wanadhani nilimfukuza kwa wivu tu. Basi nisikilize, halafu uamue mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kwamba ilikuwa michache. Nilikuwa mpiga picha. Nilikuwa na kibanda karibu na soko, na kamera ya zamani ya sanduku la mbao inayosimama juu ya miguu mitatu, ile ambayo mpigaji anaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi kama mtu anayejifukiza. Watu walikuja kupigwa picha za vitambulisho, za harusi, na za kuwapelekea ndugu zao walioko migodini. Baba alikwisha kufa na hakuacha ndugu wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wa dada yangu Zaina. Bila neno langu hakuna wa kumuoa. Nyumbani tulikuwa Mama, Zaina na mimi, na Zaina ndiye aliyetuchekesha wote. Alikuwa na ulimi, wewe! Wauza samaki wakimuona anakuja walishusha bei kabla hajafungua mdomo. Nilimpenda dada yangu kuliko kitu chochote, na ninakuambia mapema ili uelewe yanayofuata.

Sumaili alikuja mjini kiangazi kilipoanza. Alisema ni mtu wa Kabambare, muuza vitambaa. Kanzu yake safi, maneno laini, salamu ndefu, na Mama akampenda siku ya kwanza. Mimi sikumpenda. Kwanza, mzigo wake wa vitambaa haukupungua hata siku moja. Kila jioni ulirudi na unene uleule. Halafu, alitembea na mwavuli. Mchana sawa, jua ni kali. Lakini usiku? Kiangazi, hakuna hata wingu, na bwana yuko chini ya mwavuli, anapita akibana kuta chini ya mapaa ya watu? Rafiki zake Zaina walimtania kwamba anaogopa mwezi usimtie weusi, na yeye alicheka nao. Mimi nikawaza mambo ya kibinadamu. Nilidhani ametumwa na Wabelgiji wa ofisi ya teritwari kusikiliza watu wanasema nini, au anapitisha dhahabu ya migodi ya Salamabila ndani ya vile vitambaa.

Kilichonitia shaka zaidi ni Zaina mwenyewe. Huyu ni msichana aliyewahi kuwarudisha wachumba kwa kicheko, mmoja wao kwa sababu ya masikio yake tu. Nilipomuuliza kuhusu Sumaili hakucheka. Alitazama chini akasema, “Namutaka, Yaya. Fanya upesi.” Kwetu yaya ni mkubwa wako, awe wa kiume au wa kike, na Zaina hakuwahi kuniita kwa sauti ile. Nikajiuliza, mapenzi gani haya yasiyo na furaha?

Lakini mchumba haozwi hivihivi. Lazima walii aende kwao, aone nyumba, asalimie wazee, asikie ukoo. Na tuna desturi nyingine: mwanamume anayeposa hamkatalii kaka wa msichana kazi yoyote mpaka siku ya ndoa. Ukimwambia apasue kuni, anapasua. Ukimwambia abebe mzigo, anabeba, na watu wanamcheka barabarani. Akikataa, posa imevunjika na hakuna wa kumtetea. Nikaamua tutakwenda Kabambare pamoja, mimi na yeye.

Basi siku zilezile akanijia padri mmoja wa misheni, mzungu mwenye ndevu ndefu, mpenzi wa nyota. Aliniambia kwamba mwezi ule wa nane, kila mwaka, nyota zinaanguka kwa wingi upande wa kaskazini, usiku ukishakuwa mkubwa, na yeye anataka picha. Nikamwambia ukweli: usiku anaoutaja mwezi utakuwa mzima, na mwezi mzima unaifanya mbingu nyeupe kama uji, nyota zinamezwa na mwanga na hazionekani kwenye sahani, kile kioo kinachoshika picha. Akanijibu, “Jaribu tu. Mwezi ukikushinda, umekushinda.” Akanipa sanduku la sahani za kioo. Usiku ule ungenikuta njiani kwenda Kabambare, nami nikaona si vibaya, nitaipiga hukohuko.

Nilipomwambia Sumaili, uso wake ulibadilika. Niamini, niliuona.

“Shemeji,” akasema, “tungojee kidogo. Twende mwezi ikikwisha.”

“Juu ya nini?”

“Njia iko mubaya.”

“Njia iko mubaya mwaka yote,” nikamjibu. “Tunaenda.”

Tulipanda kamio, lori la dereva mmoja Mkristo, Mubangubangu kwa kabila, jina lake Kitenge, mtu mnene mwenye kucheka sana, aliyepeleka chumvi na sabuni Kabambare. Jioni tulisimama katika kijiji kimoja cha njiani ili kamio lipumzike. Palikuwa na nyumba ya kulala wasafiri, na mbele yake uwanja mpana uliofyekwa, ambapo wanavijiji waliletwa kupima pamba waliyolazimishwa kulima. Msimu wa kupima ulikwisha pita. Uwanja ulikuwa mtupu, umeelekea kaskazini, miti iko mbali pembezoni. Kwa picha ya mbingu, mahali bora kuliko pale sijapata kupaona.

Usiku ulipokuwa mkubwa nilitoka. Mwezi ulikuwa juu na uwanja wote mweupe. Ungeweza kuokota sindano. Kitenge alikuwa anakoroma ndani ya kamio. Sumaili alikuwa amejilaza ndani ya nyumba ya wasafiri, katika kona ya mbali kabisa na mlango, macho wazi.

“Nibebee miguu ya kamera,” nikasema.

“Kichwa inaniuma, shemeji.”

“Unakataa?”

 Alijua, na mimi nilijua. Nilitaka kuona mtu huyu anafanya nini akitolewa chini ya paa, na sasa nilikuwa nimemshika pabaya. Alisimama taratibu, akachukua miguu ya kamera kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono mwingine. Alifungua mwavuli kabla hajavuka kizingiti. Alivuka uwanja akikimbia huku ameinama, mtu mzima na kanzu yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Nikasimamisha kamera. Kwa ule mwanga ilinibidi nibadilishe sahani ndani ya kitambaa, zisije zikaungua kwa mwezi. Nilipiga sahani kadhaa, hakuna kilichopita. Kisha niliingiza kichwa tena, nikaweka nyingine, nikatoa mkono nje nikafungua lenzi. Na hapo, kupitia upenyo wa kitambaa, nikaona kimondo cha kwanza kikipita juu ya miti. Kikubwa, cheupe, kikashinda hata mwezi.

Nilisikia mwavuli ukianguka chini. Kabla sijatoa kichwa, mtu aliingia chini ya kitambaa pamoja nami, akanisukuma, akajikunja kifuani mwangu kama mtoto anayekimbia radi. Alikuwa Sumaili. Mwili wake ulikuwa wa moto, si moto wa homa, moto wa sufuria iliyosahauliwa mekoni. 

“Usifunue,” akasema. “Shemeji, usifunue. Wananipiga.”

“Nani anakupiga?”

“Wale wa juu.”

Sasa kama wewe si mtoto wa chuo cha Kurani, ngoja nikueleze. Sisi tulifundishwa tangu wadogo kwamba kimondo si nyota iliyochoka. Ni moto unaotupwa. Kuna viumbe wanaopanda kusikiliza yanayosemwa mbinguni, wanaiba neno, na hao ndio wanaotupiwa. Anayeponyoka na neno lake anashuka nalo kwa watu, na hilo neno moja la kweli analichanganya na uongo mia. Mwalimu wetu alilirudia hilo mpaka tukasinzia. Lakini chini ya kitambaa kile sikusinzia. 

Nilitaka kutoka. Alinishika kifundo cha mkono.

“Nifunike mupaka asubuhi,” akasema, “na miye nitakupa kitu. Nilisikia neno juu ya Zaina.”

Ungefanya nini wewe? Sema kweli. Ungekimbia, au ungesimama usikie?

Nilisimama.

“Mutoto yake ya kwanza itamuua,” akasema Sumaili. “Siku ya kuzaa. Lakini akizaa na miye, atapona. Ndivyo nilisikia. Weye ni walii. Sema tu kama umeniozesha. Mashahidi iko juu, mingi.”

Kimondo kingine kilipita. Kitambaa kilikuwa kizito, lakini nilijua kwa sababu alijikunja zaidi na meno yake yakagongana. Nami ninakiri kwamba neno lilifika mdomoni. Zaina wangu, afe kwa kuzaa? Nilikuwa nimewazika wanawake wa mtaa wetu waliokufa hivyo. Nilimuona Mama akiwa peke yake na kibiriti cha taa mkononi. Nilifungua kinywa.

Lakini nilikuwa mtu wa soko. Nimekua kati ya wauzaji. Anayekuharakisha ununue kitambaa gizani anajua kimetoboka wapi. Nikajiuliza, kama alilijua hili, mbona hakumwambia Mama, mchana, akiwa amekaa kitako anakunywa chai yetu? Nikakumbuka mafundisho ya chuo, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Niliwaza hivi: kama neno la kweli ni moja tu, basi nimfanye aseme mengi. Akisema mengi, la Zaina litakuwa dogo, litapotea katikati ya mengine.

“Ulisikia nini tena?” nikamuuliza.

Akashangaa. Kisha akasema, kama mtu anayemwaga mfuko. Kwamba kamio la Kitenge litaanguka mtoni kabla ya kufika Kabambare. Kwamba Mama atapofuka. Kwamba paa la msikiti litaangukia watu. Kwamba nzige watakuja na mihogo itakwisha. Kwamba mimi nitalala jela.

“Na nini tena?”

“Ile nyota ya bendera, kule ofisini,” akasema. “Nayo itashuka. Wazungu watarudi kwao na watu wataimba.”

Hapo nilicheka, ndani ya hofu yangu yote. Siku zile bendera ya Wabelgiji ilikuwa ya buluu na nyota moja ya dhahabu katikati, na kuisema vibaya tu ilitosha kukupeleka kuchapwa. Wazungu waondoke? Nikajua huyu anatunga.

“Tutaongea kwenu,” nikamwambia, “mbele ya wazee wako, jua likiwaka.”

“Sema sasa!” Mkono wake ulinichoma. “Sema!”

Nikavuta kitambaa kwa nguvu zangu zote, nikakitupa.

Sitakudanganya kwamba niliona pembe au kwato. Niliona mtu katika kanzu, amechuchumaa chini ya mwezi, mikono juu ya kichwa. Kisha palipita mwanga, chini kabisa, mbele ya macho yangu, nikaanguka chali. Nilipoinuka uwanja ulikuwa mweupe na mtupu. Mwavuli ulikuwa palepale ulipoanguka. Nilikimbilia kwenye kamio nikamuamsha Kitenge, tukafunga milango, na sikuthubutu kuifuata kamera mpaka kulipokucha.

Kitenge alisema amemuelewa. “Ile bwana ni mwizi ya dhahabu,” akaniambia. “Aliona askari katika ndoto, akakimbia. Nilisikia miguu yake.” Alisikia kweli, au alisema tu ili nitulie? Sikujua, na sijui. Lakini kila tulipovuka mto niliomba kimoyomoyo, na kamio halikuanguka. Tulifika Kabambare salama, na Kitenge akanunua mbuzi.

Niliuliza nyumba aliyoitaja Sumaili. Ilikuwepo. Alikaa humo bibi mmoja na wajukuu zake, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuonyesha mshangao.

“Hatuna mutu ya jina hiyo,” akasema. “Lakini wanakuja. Kila kiangazi anakuja mutu, baba ao kaka, anauliza juu ya Sumaili yule anaposa kwao. Nawajibu sawa nakujibu weye.”

“Na wale waliomupa binti?”

“Wale walimupa,” akasema yule bibi, “hawakukuja kuuliza.”

Aliponisindikiza aliniuliza kama yule bwana aliniambia neno lolote. Nikatazama barabara. Akasema, “Basi usiifikishe nyumbani. Neno yake ikiingia nyumba inakaa.” Nilimtii. Laiti nisingemtii.

Kuhusu picha: sahani zote ziliharibiwa na mwezi, kama nilivyomwambia padri, isipokuwa moja, ile niliyoiacha lenzi wazi tulipokuwa chini ya kitambaa. Hiyo ilikuwa na mstari mweusi, maana kwenye sahani mwanga hutoka mweusi, na mstari ule haukuwa mbinguni. Ulipita mbele ya miti, ukaishia kwenye ardhi ya uwanja. Padri alisema ni mkwaruzo kwenye kioo. Mimi nilipitisha ukucha juu yake mbele ya macho yake, na kioo kilikuwa laini. Akaifungia kabatini na hakuniomba tena picha ya nyota.

Nyumbani nilisema tu kwamba Kabambare hawamjui, na kwamba ametoroka. Mama alilia kidogo akamaliza. Zaina, sijapata kuona hasira ya namna ile. Alitupa sufuria. Alinishika mabega akanitikisa akiuliza, “Ulimufanya nini? Yaya, ulimufanya nini?” Kwa muda mrefu hakuzungumza nami. Nikasema moyoni, kumbe alimpenda kweli, na ananichukia kwa kumkosesha mume.

Baadaye akaja Asumani, fundi cherehani, mtu mwema, familia tunaijua tangu babu. Ningemkataa kwa sababu gani? Siku ya ndoa, nilipotakiwa kutamka kwamba nimemuozesha, ulimi ulikauka mpaka imamu akaniletea maji. Watu walicheka kwamba kaka anaona uchungu. Nilikuwa namuuza dada yangu kwa kifo chake, hivyo ndivyo nilivyojisikia, na sikuwa na wa kumwambia.

Na sasa sikia mateso ya lile kosa langu. Mama hakupofuka, macho yake yalimfikisha kaburini akitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Paa la msikiti halikuanguka, likaezekwa upya. Nzige hawakuja. Jela sikuiona. Kila neno la Sumaili lilipogeuka uongo, mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikonda. Kwa sababu mojawapo lazima liwe la kweli, unaona? Na kila uongo ulipoondoka, neno la Zaina lilibaki na wenzake wachache zaidi.

Zaina naye alinitia wasiwasi kwa namna nyingine. Kila asubuhi, tangu aolewe, alipita kibandani kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akanitazama machoni, akauliza, “Yaya, umeamuka?” Nikisema ndiyo, anaondoka. Nikisafiri, anagomba. Nikikohoa, anatuma dawa. Niliona ananipeleleza, kwamba bado anatafuta nilipomficha Sumaili wake. Tena alikaa muda mrefu bila mimba, mawifi wakaanza kusema, na mimi pekee ndiye niliyeshukuru. Alipopata mimba hatimaye, nilimkuta amekaa jikoni analia, naye akakataa kusema kwa nini.

Mimba ilikuwa kubwa siku ile ya uhuru ilipofika. Niliitwa ofisini na kamera yangu kupiga picha ya bendera. Uwanja ulijaa, ngoma, watu wamepanda hadi juu ya miti. Nikaingiza kichwa chini ya kitambaa, na kwenye kioo, ambako kila kitu kinaonekana kichwa chini miguu juu, nikaona ile nyota ya dhahabu inapanda. Nikatoa kichwa: ilikuwa inashuka. Wazungu wamesimama wima, na watu wanaimba.

Kila mtu pale alikuwa anafurahia nchi yake. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu ya dada yangu. Lile neno la kweli lilikuwa hili! Moja tu, na limekwisha tumika! La Zaina ni uongo! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Picha ya siku ile sikuipiga, na walionituma walinitukana sana.

Siku chache baadaye Zaina alishikwa na uchungu. Nilikaa nje ya nyumba ya uzazi nikiwa mtulivu kuliko mumewe. Alichelewa, akachelewa sana, na utulivu wangu ukaanza kuvuja. Kisha mtoto akalia. Nikasikia mkunga anabishana na mtu, sauti ya Zaina ikawa juu, na mlango ukafunguliwa. “Anakutaka weye,” mkunga akasema kwa hasira, “si bwana yake. Weye.”

Mwanamume haingii pale damu haijaoshwa. Niliingia. Zaina alikuwa amejiinua kwa kiwiko, jasho linamtiririka, amemshika mtoto kwa mikono miwili, anamnyoosha kuelekea kwangu.

“Muangalie,” akasema. “Yaya, muangalie sasa. Muangalie upesi.”

Nikamtazama. Msichana, macho yamefumba, kidole mdomoni.

“Umemuona?”

“Nimemuona, Zaina.”

“Unamuona kweli?”

“Namuona.”

Ndipo akajilaza, akalia kilio ambacho sijasikia mtu akilia hata msibani. Na katikati ya kilio akaniambia. Sumaili alimwendea yeye kwanza, zamani, kabla ya safari yetu, chini ya paa la jikoni kwetu. Alimwambia kwamba amesikia neno: asipoolewa naye, kaka yake hatamuona mtoto wa kwanza wa Zaina. Zaina hakujua kama nitakufa au nitapofuka. Hakumtaka yule bwana hata siku moja. Alikuwa ananinunua mimi. Hasira ile yote ilikuwa hofu, na zile asubuhi zote mlangoni kwangu, alikuwa anakuja kuangalia kama macho yangu bado yanaona na kama bado ninapumua.

Nilikaa chini, sakafuni, penye damu, nikamwambia langu. Alinisikiliza. Kisha tukacheka, unaamini? Tulicheka mpaka mkunga akanitoa nje kwa ufagio.

Lakini kitu kilichokaa miaka mingi hakitoki kwa kicheko kimoja. Sijaingiza tena kichwa chini ya kitambaa; kamera ile niliiuza, nikanunua ndogo ya kushika mkononi. Zaina alizaa wengine, na kila mara nilikonda. Sasa sote ni wazee, na akikawia kuja kunisalimia, ninatuma mtoto akamwangalie, na njiani yule mtoto anakutana na mtoto aliyetumwa na Zaina aje kuniangalia mimi.

Basi wewe unayenisikiliza, shika hili. Kiumbe yule hakuuzii uhai wako mwenyewe, anajua utakataa. Anakuuzia uhai wa unayempenda, na anakufundisha kuficha. Akikujia mtu mwenye maneno laini na kukuambia amesikia jambo baya juu ya mtu wako, na dawa anayo yeye, usimuulize la pili. Inuka, nenda nyumbani hata kama ni usiku, muamshe huyo mtu wako, umwambie yote uliyoambiwa, halafu umuulize yeye ameambiwa nini.